Datsun 240Z ya kila siku: soma dalili kabla ya kununua spea

Datsun 240Z ilianza kuuzwa mwishoni mwa 1969, na Afrika Mashariki haihitaji utambulisho mrefu. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally mwaka 1971, Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nayo tena 1973, kwenye matope na vumbi la nchi hizi hizi. Kwa hiyo mtu akikwambia gari hili ni la kufunikwa turubai na kutolewa Jumapili, usikubali. Injini yake ya L24, silinda sita za mstari, cc 2393, kabureta mbili, ni ngumu na muundo wake unaeleweka. Kinacholisumbua likitumika kila siku ni joto, viungo vya umeme vilivyochoka, na mpira wenye umri wa miaka hamsini. Karibu kila dalili iliyo hapa chini inarudi kwenye mojawapo ya hayo.

Shida ni kwamba mafundi wengi wa leo wamezoea kuchomeka mashine na kusoma kodi za hitilafu. Hapa hakuna pa kuchomeka, kwa hiyo fundi asiyejua kabureta anaanza kubadilisha vitu: leo koili, kesho plagi, keshokutwa pampu. Pesa inakwisha na gari bado linamisi, yaani injini inakosa mapigo. Kabla hujampa mtu spana, jibu maswali haya mwenyewe: linafanya hivyo likiwa baridi au likishapata moto? Kwenye foleni au kwenye mwendo? Linakata ghafla au linalegea pole pole? Gari la kila siku lina faida kubwa hapa, kwa sababu dalili hujirudia kwenye kilima kile kile na saa ile ile. Andika kwenye daftari. Mwenye gari aliyeandika anamsaidia fundi kuliko mwenye gari anayesema "halina nguvu tu".

Ninayoandika yanaihusu 240Z na, kwa sehemu kubwa, 260Z za kabureta. 280Z ya kuanzia 1975 ina mfumo wa kupuliza petroli kwa umeme, na upande wa mafuta mwongozo huu haufai kwake.

Linawaka, ukiachia ufunguo linazima

Hii ndiyo dalili rahisi kuliko zote, na bado watu wamenunua pampu na kabureta kwa ajili yake. Starta inapozunguka, koili (inayokuza umeme kuwa wa cheche) hupata umeme wa moja kwa moja. Ukiachia ufunguo, umeme wa koili unapitia rezista ndogo ya kauri iliyofungwa karibu na koili. Rezista ikikatika, injini inawaka wakati starta inazunguka na kufa papo hapo unapoachia. Chukua multimita, chomoa waya, pima: inatakiwa kuwa kama ohm 1.6. Ikionyesha hakuna njia kabisa, umepata jibu.

Fundi wa barabarani atakushauri uiruke kwa kipande cha waya. Kufika nyumbani, sawa. Usiuache hivyo wiki nzima, kwa sababu koili itachemka na pointi (vigusano vinavyokata na kuunga umeme wa koili) zitaungua.

Rezista ikiwa nzima, angalia dashibodi. Kwenye 240Z umeme wa koili unapita pia nyuma ya geji ya mizunguko, kwa hiyo waya uliolegea hapo unaweza kuzima injini. Hiyo inakupa kipimo cha bure: gari likikata barabarani, tazama sindano ya mizunguko. Ikidondoka sifuri kwa mpigo huku magurudumu bado yanaizungusha injini, umekosa umeme wa koili. Ikishuka taratibu pamoja na mwendo, ukasikia gari linasita na kujivuta, umekosa petroli. Kipimo hicho kinakuondolea nusu ya kazi.

Asubuhi linapiga starta bila kuwaka

Kwanza choki. Mkono wake uko katikati ya viti, na kuuvuta hakufungi hewa kama kwenye kabureta nyingi, bali kunazishusha jeti (vitundu vya kutolea petroli) ili petroli iongezeke. Kukanyaga kanyaga pedali kabla ya kuwasha hakusaidii kitu, kwa kuwa kabureta hizi hazina pampu ya kurushia mafuta. Vuta choki yote, usikanyage, piga starta.

Kama bado, tafuta cheche. Chomoa waya wa plagi moja, weka plagi ya akiba, igusishe bodi, mwenzako apige starta. Cheche nene ya bluu ni nzuri. Cheche nyembamba ya njano, au hakuna kabisa, fungua kofia ya distribyuta, inayogawa cheche kwa plagi. Hapa chukua muda. Tenganisha pointi kwa ukucha na uziangalie nyuso zake kwa tochi. Pointi nzima ni ya kijivu, imefifia kidogo. Ikiwa upande mmoja umechimbika na mwingine umeota kilima kidogo, kondensa (kifaa kidogo kinachozuia pointi zisiungue) inashukiwa, na ukibadilisha pointi peke yake utarudi hapo hapo. Ikiwa nyuso zina utando mweusi wa mafuta, mtu ameweka grisi nyingi kwenye kemu ya distribyuta. Nafasi inatakiwa 0.45 hadi 0.55 mm, kwa fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi), si kwa kukadiria. Angalia pia ndani ya kofia: ufa mwembamba kama unywele wenye rangi ya mkaa unatosha kupeleka cheche mahali pasipotakiwa, hasa asubuhi ya unyevu. Ukichomoa nyaya zote kwa pamoja, kumbuka mpangilio ni 1-5-3-6-2-4 na rota inazunguka kinyume cha saa.

Mtu anayeendesha kila siku, mimi namshauri aweke pointi za elektroniki na abaki na seti ya pointi za kawaida kwenye kisanduku cha glavu. Asili ya gari haipotei kwa hilo, na zinarudishwa kwa bisibisi moja.

Ulilizima limepata moto, dakika kumi baadaye linakataa

Huu ndio ugonjwa wa 240Z unaolalamikiwa zaidi na wanaoliendesha mjini. Umefika sokoni mchana, umezima, umenunua vitu vyako, umerudi. Starta inazunguka vizuri, injini inakohoa, haiwaki, au inawaka na kutetemeka kwa mita mia mbili.

Sababu iko wazi ukifungua boneti. Kabureta na manifoldi ya ekzosi ziko upande mmoja wa injini, kabureta juu, ekzosi chini. Gari likiwa kwenye mwendo, hewa inapita na petroli mpya inakuja kila wakati. Ukizima, feni inasimama, maji yanasimama, na joto lote la ekzosi linapanda moja kwa moja kwenye mabakuli ya petroli. Petroli inachemka, mvuke unajaa kwenye mabomba, au inafurika kupitia jeti na kuingia kwenye manifoldi.

Kwa hiyo kuna hali mbili zinazofanana kwa sauti na kutofautiana kwa tiba. Ukisikia harufu kali ya petroli, imefurika: kanyaga pedali hadi chini, ishikilie hapo bila kuipampu, piga starta mpaka iwake, kisha achia taratibu. Usiguse choki. Kama hakuna harufu, mabakuli yamekauka au bomba limejaa mvuke: fungua boneti, subiri, kisha piga starta kwa vipindi vifupi mpaka pampu ivute petroli ya baridi kutoka nyuma.

Hiyo ni ya kukufikisha nyumbani. Ya kudumu ni haya, na mpangilio wake una maana. Hakikisha bati la kukinga joto kati ya ekzosi na kabureta lipo, kwa sababu magari mengi yamelipoteza siku fundi alipobadilisha gasketi na kuona ni usumbufu. Angalia vipande vizito vya kutenga joto kati ya kabureta na manifoldi, kama havijapasuka. Visha mabomba ya petroli yanayopita karibu na injini mfuko wa kukinga joto. Pima urefu wa floti, boya linalodhibiti petroli bakulini, kwani petroli ikiwa juu mno bakulini inafurika hata kwa joto la kawaida. Baada ya hayo yote ndipo ufikirie pampu ya umeme nyuma karibu na tanki. Ukiiweka, weka pia rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayoikata injini inapozima, ili gari likipata ajali petroli isiendelee kumwagika. Pampu ya umeme bila kikatio hicho nisingekubali kuiona kwenye gari la mtu ninayemjali.

Sailensa (mzunguko wa injini usipokanyaga pedali) haitulii, moshi mweusi, petroli inakwisha haraka

Uliza kwanza kabureta zilirekebishiwa wapi. Gari ambalo kabureta zake zilirekebishiwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, likipanda kupita Korogwe, Same na Moshi hadi Arusha, limepanda kama mita 1,400. Hewa huko ni nyepesi, petroli ni ile ile, mchanganyiko unakuwa mzito. Dalili ni masizi makavu meusi kwenye plagi, sailensa inayoyumba na harufu ya petroli kwenye ekzosi. Nairobi iko juu zaidi, na dalili huonekana zaidi. Hakuna kilichoharibika. Zungusha nati ya mchanganyiko chini ya kila kabureta kwenda juu, robo mzunguko kwa wakati, zote mbili sawa sawa, ukisikiliza. Ukipotea kabisa, zipandishe mpaka mwisho, kisha zishushe mizunguko miwili na nusu. Hapo ndipo pa kuanzia.

Kama gari halijasafiri na moshi umeanza tu, rudi kwenye choki. Ingiza mkono chini ya kabureta, gusa jeti, mwenzako avute choki na kuirudisha. Utaisikia ikishuka kwa kidole. Mara nyingi moja inapanda hadi juu na nyingine inabaki imening'inia kwa vumbi na uchafu, basi silinda tatu zinakunywa petroli kama vile ni asubuhi siku nzima. Isukume juu kwa kidole, safisha, weka tone la mafuta mepesi. Watu wamebadilisha pistoni wakati shida ilikuwa hapo.

Ukikanyaga gari linasita, kisha linaondoka? Fungua kofia ndogo juu ya kila kabureta uone kama kuna oili ndani ya mnara. Inatakiwa oili ya injini nyepesi ya namba 20. Ikiwa imekauka, pistoni ya kabureta inaruka haraka mno na injini inakosa mafuta kwa sekunde ile.

Sailensa ikiwa juu na haishuki, tafuta hewa inayoingia kwa wizi: gasketi ya manifoldi, mpira wa sevo ya breki, mihimili ya kabureta iliyolika. Kusawazisha kabureta mbili, chukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta. Mlio wa hewa wa zote mbili ulingane. Kifaa cha kupimia kipo na ni kizuri, lakini sikio lililotulia linakaribia sana.

Valvu pia zina sehemu yake. Injini ikiwa baridi, nafasi ni 0.20 mm za kuingiza na 0.25 mm za kutoa. Zilizobana hazipigi kelele, ndiyo maana watu wanazisahau mpaka valvu iungue. Mlio mdogo wa tiki tiki kwenye L24 ni wa kawaida, usiufukuze.

Moshi wa bluu una saa zake. Ukitoka kwenye mteremko ukakanyaga na wingu likatoka, ni sili za valvu, na unaweza kuendelea huku unaongeza oili. Moshi ukitoka wakati wote injini ikiwa na mzigo, ni ringi za pistoni.

Linachemsha

Swali moja linatosha kugawa kazi: kwenye foleni au kwenye mwendo?

Linachemsha kwenye foleni na kupoa barabara ikifunguka, basi hewa haipiti. Angalia mkanda wa feni, klachi ya feni kama gari lako linayo (injini ikiwa ya moto na imezimwa, feni isizunguke kiholela ukiisukuma), na kava la plastiki linalozunguka feni, ambalo mara nyingi halipo tena. Linachemsha kwenye mwendo wa kasi au kilimani na kupoa ukipunguza, basi maji hayapiti: rejeta imeziba ndani, themostati haifunguki yote, au mpira wa chini wa maji umelainika na unanyonywa ukajibana injini ikizunguka kwa kasi. Huo wa chini uangalie mtu akikanyaga pedali ya mafuta, kwa sababu ukizima unarudi umbo lake na unaonekana mzima. Taimingi (wakati wa cheche) iliyochelewa nayo inachemsha gari, na haionekani kwa kutazama rejeta.

Kung'oa themostati ni desturi mbaya ya gereji zetu. Injini inafanya kazi ikiwa baridi mno, inakula petroli, oili inachafuka, na rejeta iliyoziba inabaki imeziba. Weka ya nyuzi 82. Kifuniko cha rejeta nacho ni spea, si kizibo tu. Arusha maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na shinikizo la kifuniko ndilo linalokufanya uvuke hapo. Sili yake ikichoka, unapoteza maji kila safari na hakuna tone chini. Tumia kulanti (kimiminika maalumu cha kupoza injini) badala ya maji ya bomba, kwani silinda hedi ni ya alumini na inaliwa.

Maji yakipungua na kulanti ni mpya, kifuniko ni kizima, na ndani ya rejeta kuna mapovu yasiyokwisha injini ikiwa inanguruma, acha kuliendesha. Hiyo ni gasketi ya hedi, na kila safari unayoongeza inaipinda hedi.

Harufu ya ekzosi ndani

Hili usiliahirishe. 240Z inajulikana kwa kuvuta moshi wake yenyewe: kwenye mwendo, hewa nyuma ya gari inapungua shinikizo na moshi unarudi kupitia kila tundu la nyuma. Gesi ya kaboni monoksidi iliyo ndani yake haina harufu na inaua. Ukiumwa kichwa au kusinzia kwenye safari, simama, toka nje.

Usiku, weka tochi kali ndani ya gari, funga mlango wa nyuma, zunguka nje. Popote unapoona mwanga, moshi unaingia. Kisha funga mlango wa nyuma na kipande cha karatasi kikiwa kimebanwa kwenye raba yake, ukivute. Kikitoka bila kushika, raba imekufa au mlango haujakaa sawa. Raba za taa za nyuma ndizo zinazosahaulika zaidi, zikifuatiwa na vizibo vya mpira sakafuni. Na bila shaka tafuta tundu kwenye ekzosi yenyewe. Madirisha kufunguliwa yanaweza kuzidisha mvuto, kwa hiyo usiyategemee.

Harufu ikiwa ya petroli mbichi, hasa tanki likiwa limejaa, fungua plastiki za ndani upande wa nyuma na ukague mipira ya hewa ya tanki na mpira wa mdomo wa kujazia. Ikikunjwa ikaonyesha nyufa, toa yote kwa pamoja.

Taa hafifu, fyuzi inayeyuka

Kwenye gari hili umeme wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi ya usukani, bila rilei. Swichi ya miaka hamsini inapata moto, taa zinafifia, kisha siku moja usiku zinazimika. Weka rilei mbili na waya mpya kutoka kwenye betri, swichi ibaki na kazi ya kuamuru tu. Katika marekebisho yote ya gari hili kwa matumizi ya kila siku, hili ndilo ningelitanguliza.

Kisanduku cha fyuzi kina tabia ya kuyeyuka kwenye fyuzi ya taa ndogo. Fyuzi yenyewe haikatiki. Kishikio chake kimelegea, kimeshika kutu, kikawa na joto. Kuweka fyuzi kubwa zaidi ni kuchoma gari. Iguse baada ya nusu saa ya taa: ikiwa ya moto, safisha kishikio au badilisha kisanduku.

Betri ikilala, pima injini ikiwaka: volti 13.8 hadi 14.5. Ikiwa chini, anza na mkanda, plagi za waya nyuma ya alteneta, kisha regyuleta, ambayo kwenye 240Z iko peke yake nje ya alteneta. Na kabla ya yote, safisha waya wa arthi kati ya betri, injini na bodi hadi chuma kiwe kinang'aa.

Milio na mitikisiko

Mgongano mmoja mzito nyuma ukiachia klachi au ukibadili gia: mpira unaoshika difu (gia za ekseli ya nyuma) kwa mbele umepasuka. Mlio wa mara kwa mara unaokwenda na mwendo ni krosi (viungo) za ekseli. Piga jeki, shika gurudumu, lizungushe mbele na nyuma ukitazama krosi. Kusiwe na mchezo wowote.

Usukani kutetemeka kwenye mwendo wa 80 hadi 100 ni balansi ya magurudumu kwanza, kisha bushi za reki na za fimbo za mbele. Bushi ngumu za plastiki zinauzwa kila mahali, lakini kwa barabara za vumbi mimi nabaki na mpira. Zile ngumu zinapeleka kila jiwe kwenye bodi, na bodi ya Z haina chuma cha kupoteza.

Breki na klachi

Pedali ikizama ukipiga mara ya kwanza na kupanda ya pili, breki za nyuma za ngoma zimekaa mbali, zirekebishe. Gari likivuta upande mmoja baada ya kuachia breki, mpira wa breki wa gurudumu hilo umevimba ndani na unazuia mafuta kurudi. Kaliper inalaumiwa bure. Gia zikianza kukataa asubuhi, funua kifuniko cha mpira cha silinda ndogo ya klachi ubavuni mwa giaboksi. Kukiwa na unyevu ndani, imeanza kuvuja, na itakuacha njiani ndani ya muda mfupi.

Mwisho soma ubavu wa tairi. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 1809 ni wiki ya 18 ya 2009. Magari haya mara nyingi yana tairi zenye meno mazuri na mpira uliokufa, kwa sababu yamekaa zaidi ya kutembea. Ukianza kulitumia kila siku, hizo zing'oe kabla ya safari ya kwanza ya barabara kuu.